Taya, mbu na dawa mseto: historia ya saratani ya watoto inayoipitia Mpanda

Ukitamka "dawa mseto" Mpanda, hakuna atakayekuuliza unamaanisha nini. Ni vile vidonge vya njano vya malaria vilivyochukua nafasi ya SP kuanzia mwishoni mwa 2006, na SP yenyewe ilikuwa imeichukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001. Sababu ya kuchanganya tunaijua sote: mdudu akizoea dawa moja, ya pili inammalizia.

Wasichokijua wengi ni kwamba wazo hilohilo, la kuchanganya dawa ili adui asipate pa kukimbilia, lilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki miaka mingi kabla ya ALu. Na halikupimwa kwa malaria. Lilipimwa kwa watoto wenye saratani, kwanza Nairobi na Kampala, baadaye Dar es Salaam. Dunia nzima imefaidika na majibu yake. Swali la makala hii ni kama mtoto wa Karema, Inyonga au Mishamo naye amefaidika, na kama bado, ni kitu gani kimekwama njiani.

Mtoto mwenye taya nne zilizovimba

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje amwone mvulana wa miaka mitano. Huyo daktari wa upasuaji alikuwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa na jicho moja tu linaloona. Lile lingine alilipoteza utotoni. Mvulana alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Jipu la jino halivimbi pande nne kwa mkupuo. Saratani ya kawaida nayo haifanyi hivyo.

Muda si mrefu, Burkitt akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo, naye akiwa na uvimbe tumboni pia. Kuona mara moja ni bahati. Kuona mara mbili kunakufanya uanze kuhesabu. Akarudi kwenye kumbukumbu za Mulago na kukuta watoto wengi walioandikwa kila mmoja kivyake: huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, yule wa jicho, kana kwamba ni magonjwa tofauti. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38. Wanapatholojia wa Kampala, akiwemo Gregory O'Conor, wakaonyesha kwamba wote hao walikuwa na ugonjwa mmoja: saratani ya chembe za kinga za mwili, yaani limfoma. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt.

Hapa inafaa kusema jambo moja kuhusu neno "nadra". Kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, Burkitt ni saratani nadra. Lakini katika hospitali nyingi za ukanda wetu ndiyo saratani ya watoto inayoonekana kuliko nyingine nyingi. Unadra unategemea umesimama wapi. Na hata hapa, ukilinganisha na malaria au nimonia, ni watoto wachache. Mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na hata mmoja, na siku akikutana naye, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni jino bovu.

Ramani iliyochorwa kwa magurudumu

Burkitt akataka kujua ugonjwa huu unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwanza alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza: mmemwona mtoto wa hivi? Majibu yakaanza kuchora ukanda katikati ya bara. Ila mpaka wa kusini ulikuwa haueleweki. Basi tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwishatumika. Walisafiri kwa majuma kumi, kama kilomita 16,000, wakapita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa Afrika, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50. Tanganyika ilipata uhuru safari hiyo ikiwa inaelekea ukingoni.

Walichokikuta kilikuwa rahisi kukisema lakini kigumu kukieleza. Ugonjwa ulifuata kimo. Karibu na Ikweta, ulikuwa haupo juu ya futi 5,000, yaani kama mita 1,500. Ukienda kusini zaidi, mstari ule ulishuka hadi futi 3,000, na mbele zaidi ukashuka tena. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi vinavyoenezwa na mbu aliyekuwa Entebbe, aliitazama ramani akaona kwamba kimo chenyewe si hoja. Hoja ni joto na mvua. Ugonjwa ulikuwepo pale ambapo baridi haishuki sana chini ya nyuzi 16 na mvua ya mwaka inazidi milimita 500. Hiyo ni ramani ya mbu.

Sasa ichukue ramani hiyo uilete nyumbani. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Karema na Ikola ziko chini kabisa ya mstari. Bonde la Ziwa Rukwa nalo liko chini. Mji wa Mpanda uko kama mita 1,100. Ukipanda hadi Sumbawanga, kwenye uwanda wa Ufipa, unakuta kama mita 1,800, na baridi yake kila aliyelala huko mwezi Juni anaijua. Mikoa hii miwili iliwahi kuwa mmoja, Rukwa, mpaka Katavi ilipokatwa mwaka 2012. Ila kwa jicho la Burkitt na Haddow, mpaka ulikuwepo tangu zamani, na uliwekwa na joto na mvua.

Mpanda ya mwaka 1961 ilikuwa mji uliokwisha kuonja dunia. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba madini ya risasi, lakini mgodi ulifungwa karibu na 1960. Reli ikabaki. Kumbuka hiyo reli, tutaihitaji mbele.

Kirusi kwenye ukungu, vidonge North Mara

Tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo kijana Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitakatwa Kampala na kupelekwa London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege yenye sampuli ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara ilikuwa imechelewa, maji yake yamekuwa machafu. Mtu mwingine angeimwaga. Epstein akaitazama kwenye hadubini, na kumbe uchafu ule ulikuwa chembe za saratani zilizo hai, zinaelea. Kwa kuzikuza hizo, yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi kipya mwaka 1964. Ndicho tunachokiita kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho peke yake hakitoshi kueleza mambo. Karibu kila mtu duniani anacho. Watoto wetu wengi hukipata kabla hawajaanza shule, bila hata kuugua. Kitu kingine kilihitajika, na ramani ya Haddow ilikwisha kukitaja: malaria. Visiwa vya Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, ugonjwa huu haukuwa ukionekana.

Tanzania ndiyo iliyojaribu kulijibu swali hili kwa vitendo. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa wilaya ya North Mara waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi ili kupunguza malaria, huku wagonjwa wa Burkitt wakihesabiwa. Hospitali ya Shirati ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa 1989. Wagonjwa wapya walipungua sana wakati wa mpango, na baada ya mpango kusimama wakaongezeka tena. Ushahidi mzuri, ila wenye doa: kupungua kulianza hata kabla vidonge havijaanza kugawiwa, na katikati ya mpango vimelea vya malaria vikaanza kuizoea klorokwini, malaria ikarudi. Watafiti wenyewe waliyaandika yote hayo bila kuficha. Dawa moja, adui anazoea. Somo lile lile, tena.

Leo tunajua zaidi namna mambo yanavyokwenda ndani ya mwili. Malaria ya kila mara inazichokoza chembe za kinga ziongezeke ovyo; katika kuongezeka huko chembe hukata na kuunga vinasaba vyake ili zitengeneze kinga mpya. Mara chache sana, kiungio kinakosewa: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jini liitwalo MYC kinabandikwa pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. MYC ni kama kanyagio la mafuta la chembe. Likibandikwa vibaya, linabaki limekanyagwa. Kirusi nacho huisaidia chembe hiyo isijiue kama ilivyotakiwa kufanya.

Sindano moja

Matokeo ya kanyagio lililokwama ni haya: limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hilo ni janga kwa mtoto. Lakini pia ni udhaifu, kwa sababu dawa nyingi za saratani hupiga chembe zinapojigawa. Anayekimbia sana ndiye anayejikwaa vibaya.

Katika Kampala ya mwaka 1960 hapakuwa na mashine ya mionzi. Upasuaji wa taya uliwaharibu watoto sura bila kuwaponya. Kilichobaki ni dawa. Boston, Sidney Farber alikwisha kuonyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu ya watoto, japo kwa muda mfupi. Wataalamu wa New York, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, walishirikiana na Peter Clifford wa Nairobi kuijaribu methotreksati kwa watoto wenye uvimbe wa taya. Uvimbe ukayeyuka. Burkitt naye akaijaribu Mulago, kisha siklofosfamidi, kisha vinkristini inayotokana na ua ambalo wengi tunalo bustanini, lile la waridi linaloota hata kwenye mchanga mkavu.

Kiasi alichotoa Burkitt kilikuwa kidogo. Dawa zilikuwa za kuomba kwa makampuni, na maabara ya kupima damu kila siku haikuwepo. Wapo watoto waliochomwa mara moja au mbili tu, wakaenda kwao. Lililotarajiwa ni uvimbe kurudi. Kwa baadhi yao haukurudi. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha orodha ya watoto waliokuwa wazima miaka kadhaa baada ya dozi moja au mbili. Kwa wakati huo, kusema kwamba uvimbe mgumu wa saratani unaweza kuponywa kwa dawa pekee lilikuwa jambo ambalo madaktari wengi wakubwa wa Ulaya hawakuliamini.

Kwa nini kuchanganya

Lakini "baadhi" ni neno la kusikitisha ukiwa mzazi wa mtoto mwingine. Wengi uvimbe ulirudi, na uliporudi mara nyingi ulijificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri.

Tufanye hesabu kidogo, ya mfano tu. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage una chembe kama bilioni moja. Chukulia kwamba katika kila chembe milioni moja, moja tu ina bahati ya kuihimili dawa A. Ukitumia dawa A peke yake, utaua karibu zote, uvimbe utapotea machoni, mama atafurahi. Lakini chembe 1,000 zimebaki, na zote zinaijua dawa A. Ongeza dawa B inayopiga kwa njia tofauti, nayo pia inahimiliwa na chembe moja kati ya milioni. Chembe inayohimili zote mbili sasa ni moja kati ya trilioni. Kwenye uvimbe wa chembe bilioni moja, kuna uwezekano mkubwa haipo kabisa. Ndiyo maana ya mseto.

Ni mantiki ile ile ya kifua kikuu, ambako streptomaisini pekee ilishindwa miaka ya 1940 mpaka ilipoongezewa wenzake. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Emil Frei na Emil Freireich waliichukua mantiki hiyo wakachanganya dawa nne kwa watoto wenye saratani ya damu. Walishutumiwa vikali kwa kuwatesa watoto. Na shutuma hiyo haikuwa ya bure: kila dawa unayoongeza ni sumu unayoongeza. Kinywa kinachubuka, damu inashuka, mtoto anashambuliwa na vijidudu ambavyo mwenzake angevishinda. Kwa hiyo swali la jaribio haliwezi kuwa "je, mseto unaua saratani zaidi?" pekee. Lazima liwe: je, watoto wengi zaidi wanabaki hai?

Mwezi Agosti 1967, Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani walifungua kituo cha limfoma Mulago, kikiongozwa na kijana John Ziegler. Hapo ndipo maswali haya yalipoanza kupimwa kwa utaratibu: kundi moja lipewe siklofosfamidi pekee, jingine lipewe dawa tatu pamoja, nani apate nini iamuliwe kwa bahati nasibu, siyo kwa huruma ya daktari. Wakaongeza dawa inayochomwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Na wakafanya jambo moja ambalo halina sifa kubwa lakini bila hilo jaribio lote ni porojo: waliwafuata watoto vijijini baada ya matibabu wajue nani yuko hai.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za tiba Marekani, ilitolewa kwa kundi la waanzilishi wa tiba ya dawa za saratani. Burkitt, Ziegler na Anomah Ngu wa Kamerun walikuwemo. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na Wamarekani wakaanza kuondoka. Charles Olweny, daktari Mganda, akabaki kukiongoza kituo, na chini yake jaribio la kulinganisha dawa moja na mseto likakamilika na kuchapishwa 1976, katikati ya utawala ule. Tukisimulia historia hii kwa jina la Burkitt pekee, tunamsahau aliyeibeba mvua ilipokuwa inanyesha.

Kuna swali gumu hapa ambalo tusilikwepe. Watoto wa Kampala na Nairobi walipimiwa dawa wakati kanuni za ridhaa zilikuwa changa. Azimio la Helsinki lenyewe ni la 1964. Maarifa yaliyopatikana yalisafiri. Leo katika nchi tajiri watoto karibu 9 kati ya 10 wenye Burkitt wanapona, kwa mseto mkali unaohitaji hospitali yenye damu ya kuongeza na antibaiotiki za kutosha usiku na mchana. Kwetu, ambako somo lilianzia, kiwango kilibaki chini kwa miongo mingi.

Zamu ya Ocean Road

Jengo la Ocean Road pale ufukweni Dar es Salaam ni la enzi za Wajerumani, na tangu 1996 ndiyo taasisi ya saratani ya taifa inayojitegemea. Miaka ya 2000, ikiwa chini ya Profesa Twalib Ngoma, iliingia katika jaribio la pamoja na hospitali nyingine za ukanda wa Ikweta wa Afrika, vituo vinne kwa jumla, likiratibiwa na mtandao wa kimataifa wa INCTR.

Kwa nini vituo vinne? Kwa sababu ya ule unadra. Kituo kimoja kingehitaji miaka na miaka kupata watoto wa kutosha ili tofauti isiwe bahati tu. Kwa kuunganisha nguvu walipata watoto 356.

Na mseto wenyewe ulichaguliwa kwa akili ya mahali. Hawakuuchukua ule mkali wa Ulaya, kwa sababu ungeua watoto kwa sumu kabla saratani haijawaua. Walianza na dawa tatu za zamani, zile zile za Mulago: siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati, pamoja na sindano ya uti wa mgongo. Kisha wakaweka mpango wa pili tayari pembeni. Mtoto ambaye uvimbe haukuisha, au ulirudi mapema, alihamishiwa mseto mwingine wenye dawa ambazo saratani yake haijawahi kuzionja: ifosfamidi, etoposidi na sitarabini, na mesna ya kulinda kibofu.

Taarifa ilichapishwa 2012, Ngoma akiwa mwandishi wa kwanza. Waandishi walikadiria kwamba kabla ya utaratibu huu, waliokuwa wanapona katika vituo hivyo pengine hawakuzidi asilimia 10 hadi 20. Baada yake, asilimia 67 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na 62 baada ya miaka miwili. Na kwa Burkitt, mtoto akimaliza mwaka bila ugonjwa, ni nadra urudi. Wale ambao uvimbe ulikuwa tumboni walifanya vibaya zaidi kuliko wengine.

Tusome namba hizi kwa uangalifu. Hapakuwa na kundi la kulinganisha ndani ya jaribio. "Kabla" ni makadirio. Wakati huohuo Blantyre, Malawi, madaktari walikuwa wakitumia siklofosfamidi karibu peke yake kwa siku 28, kwa gharama ya dawa isiyofika dola 50, na karibu nusu ya watoto walikuwa hai bila ugonjwa mwaka mmoja baadaye. Huwezi kuweka 67 kando ya 50 ukatangaza mshindi, maana watoto si wale wale, hospitali si ile ile, na hata kinachohesabiwa si kile kile: Dar walihesabu walio hai, Blantyre walihesabu walio hai bila ugonjwa. Unachoweza kusema ni kwamba utaratibu mmoja unaofuatwa na kila mtu, dawa zisizokatika, na mpango wa pili ulioandaliwa mapema, vinaokoa maisha. Sehemu ya kilichopona si kwa dawa mpya. Ni kwa mpangilio.

Kutoka Mpanda

Sasa turudi Katavi, na lile swali la mwanzo.

Kwa hesabu ya karatasi, chembe zinazojidabo kila siku mbili, baada ya majuma mawili zimeongezeka mara 128. Mwilini chembe nyingi hufa, kwa hiyo uvimbe haukui kwa kasi hiyo yote, lakini picha ni hiyo. Majuma mawili ya kungoja siyo majuma mawili ya kawaida.

Hebu tuyahesabu majuma yanakokwenda. Jino linalegea kwa mtoto wa miaka sita. Ni kawaida, meno ya utoto hutoka. Shavu linavimba, zahanati inatoa antibaiotiki. Jino linang'olewa, uvimbe hauishi. Familia inajaribu dawa za kienyeji, na haina haja ya kulaumiwa, maana hospitali imekwisha kujaribu ikashindwa. Hatimaye mtoto anafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mpanda. Kutoka hapo rufaa ni Mbeya, Bugando iliyoko Mwanza, au Muhimbili. Kwa treni ni tawi lile lile la mgodi, hadi Kaliua, Tabora, na kuendelea. Lami ya kupita Koga hadi Tabora imefupisha safari ya basi, lakini Dar bado ni zaidi ya kilomita 1,000. Kisha kipande cha uvimbe kikatwe, kisomwe na mwanapatholojia, na majibu yarudi. Nchi yetu ina wanapatholojia wachache, na wako mijini.

Ndipo matibabu yaanze, ya miezi, wakati mahindi yako shambani na watoto wengine wamebaki kwa bibi. Nafuu inakuja haraka mno. Baada ya dozi ya kwanza au ya pili uvimbe unaweza kupotea kabisa, na mzazi mwenye akili timamu anasema: amepona, turudi nyumbani. Unakumbuka zile chembe 1,000? Hazionekani kwenye shavu.

Ndiyo maana mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni hayakuwa ya dawa peke yake. Wodi ya saratani ya watoto ilihamia Muhimbili, na taasisi ya Tumaini la Maisha imefanya matibabu yawe bila malipo kwa familia, ikaweka mahali pa kulala mzazi na mtoto, na kusaidia kupeleka huduma kwenye hospitali za kanda ili si kila mtoto afike Dar. Utafiti wa EMBLEM uliwafuatilia watoto wa Uganda, Kenya na kanda ya ziwa ya Tanzania kati ya 2010 na 2016 kuchunguza malaria na Burkitt. Mradi wa AI-REAL, wa Tanzania na Uganda pamoja na Oxford, unajaribu kutambua limfoma kwa kupima vipande vya vinasaba vya kirusi na vya saratani vinavyoelea kwenye damu, ili kupunguza siku za kungoja kisu na hadubini. Majaribio ya leo hupita kwanza kwa NIMR, na ya dawa hupita pia TMDA. Hapo tumetoka mbali tangu 1960. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, liliiweka Burkitt kati ya saratani sita za watoto za kupimia maendeleo, kwa lengo la kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone.

Asilimia 62 ya Ocean Road inaonekana imekwisha kulifikia lengo hilo. Lakini namba ile inawahesabu watoto waliofika. Mtoto aliyeishia kwenye kiti cha kung'olea jino hayumo, si juu wala chini ya mstari. Jaribio lolote la mseto mpya, hata liwe zuri namna gani, linaanza kuhesabu mlangoni mwa wodi.

Kwa hiyo, kama wewe ni mwanafunzi wa uganga, unguezi au udaktari wa meno, na utapangiwa kituo Mlele, Nsimbo au mwambao wa Tanganyika, chukua hili moja: mtoto kati ya miaka kama mitatu na kumi, taya au shavu linavimba haraka, meno kadhaa yanalegea kwa pamoja, au tumbo linajaa ghafla, au jicho linasukumwa nje. Usimng'oe jino la pili. Mpe rufaa siku hiyohiyo, na umweleze mzazi mapema kwamba uvimbe utapotea kabla ugonjwa haujaisha. Burkitt aliugundua ugonjwa huu kwa sababu alimwona mtoto wa pili akakumbuka wa kwanza. Wewe ukikutana na wa kwanza, jina lake tayari unalijua.